Kliniki za jamii Marekani: kwa nini kila uchaguzi fedha zake zinayumba?

MamaWawili

Ndugu zangu, habari za jioni. Naomba kueleweshwa na wanaojua.

Tunaishi Lexington, Kentucky, tangu tulipotoka kambi ya wakimbizi ya Nyarugusu, Tanzania. Kliniki tunayotibiwa ni moja ya zile za jamii zinazopewa ruzuku na serikali kuu, unalipa kwa kadiri ya kipato chako. Juzi wamenipigia simu wakaniomba niingie kwenye bodi yao, maana sheria inataka zaidi ya nusu ya wajumbe wawe wagonjwa wa palepale. Sijajibu bado. Nilikwenda kwanza kusikiliza kikao kimoja kama mgeni.

Mkurugenzi wa fedha alisoma taarifa yake, na kila aliposoma mistari miwili mitatu nilisikia "tukingoja Bunge," "baada ya Januari 30," "itategemea uchaguzi wa Novemba mwakani." Nilibaki na maswali. Kambini zahanati ilikuwa ya shirika, wafadhili wakipunguza mkono dawa zinakwisha, na tulilijua hilo. Hapa nilidhani nchi yenye uwezo namna hii zahanati ya maskini ina fungu lake la kudumu.

Je, ni kweli uchaguzi wa nchi nzima ndio unaoamua kama daktari wa wanangu atakuwepo mwakani? Fedha zenyewe zinatoka wapi? Na uchaguzi upi hasa: wa rais, wa Bunge, au wa gavana? Mimi mwenyewe sina kura bado, lakini sitaki kukaa kwenye kiti nisichokielewa.

DerevaWaLori

Dada, usijinyime usingizi. Serikali ya Marekani imefungwa siku 43 kwa kukosa bajeti, kuanzia Oktoba 1 hadi Novemba 12 mwaka huu wa 2025, na katika siku hizo nimepita Tennessee, nimeng'olewa jino kwenye kliniki ya namna hiyohiyo, na bili ilikuwa ndogo. Kliniki hizi zipo tangu 1965. Warepublikan wamekuja wakaenda, Wademokrat wamekuja wakaenda, zenyewe ziko palepale. Hakuna mwanasiasa atakayethubutu kuzifunga. Kubali kiti.

MtuWaBili

Mama Wawili, hongera kwa kuaminiwa. Mimi nafanya kazi ya bili katika kliniki ya aina hiyo Louisville. Nilianzia mapokezi enzi za gavana Bevin, kwa hiyo mambo haya nimeyaona yakipita dirishani mtu kwa mtu. Vumilia urefu.

Ndugu Dereva amesema kweli kwamba kliniki hazifungwi kwa amri ya mtu mmoja. Lakini kliniki inaweza kubaki wazi, taa zinawaka, na huduma ya meno ikawa imeondoka, na miadi ya daktari wa watoto ikasogea kutoka wiki hii hadi mwezi ujao. Uchaguzi unafika kwetu kwa njia hiyo.

Fedha zetu zinaingia kwa milango miwili mikubwa. Wa kwanza ni ruzuku ya Washington. Mpango ulianza 1965, wakati wa Rais Lyndon Johnson, kwa kliniki mbili za majaribio: Columbia Point huko Boston, na Mound Bayou katika jimbo la Mississippi. Leo yapo mashirika karibu 1,400 nchi nzima na yanatibu watu zaidi ya milioni 30. Na hapa lazima niwatendee haki Warepublikan: aliyezipanua sana kabla ya Obama ni George W. Bush. Aliingia madarakani 2001 akiahidi kufungua au kupanua vituo 1,200, na ruzuku ikapanda karibu maradufu katika muda wake. Sababu si ngumu kuiona. Mbunge wa milima ya mashariki mwa Kentucky ana kliniki hizi katika jimbo lake la uchaguzi sawa na mbunge wa Chicago, na wapiga kura wake ndio wanaokaa kwenye viti vya kungojea.

Tatizo la mlango huu ni muda. Obamacare, yaani sheria ya bima ya afya ya Rais Obama ya 2010, iliunda mfuko maalumu wa vituo vya afya, dola bilioni 11 kwa miaka mitano, na mfuko huo ndio uliokuja kubeba takriban asilimia 70 ya ruzuku yote. Lakini miaka mitano ikiisha, Bunge lazima liuhuishe upya. Mwaka 2015 likaongeza miaka miwili. Hiyo miwili ikaishia Septemba 30, 2017, na mwaka ule uchaguzi wa 2016 ulikuwa umewapa Warepublikan ikulu na mabaraza yote mawili, na kiangazi kizima walikuwa wanapigana kuifuta Obamacare. Usiku wa kuamkia Julai 28 seneta wa Republican John McCain alikuja Seneti akapiga kura ya hapana, mpango wa kufuta ukaanguka kwa kura moja. Sisi kliniki tulipumua. Kisha tarehe yetu ya Septemba ikapita bila mtu kutukumbuka, ikapita Oktoba, ikapita Krismasi. Fedha zilirudi Februari 2018.

Katika miezi ile tulikuwa na daktari wa meno aliyekuwa tayari kusaini mkataba. Alikuwa na deni la chuo, na alitegemea mpango wa serikali unaowalipia madeni madaktari wanaokubali kufanya kazi kwenye maeneo ya maskini. Mpango huo unaisha na kuhuishwa tarehe ileile ya ruzuku yetu. Aliuliza swali moja tu, kama nafasi yake itakuwepo Machi. Hakuna aliyeweza kumjibu, akaenda kwingine. Kiti cha meno kilikaa na nailoni yake mpaka kiangazi. Hakuna gazeti lililoandika kwamba kliniki imefungwa, maana haikufungwa.

Tangu 2023 hali ni mbaya zaidi, kwa sababu fedha zinatoka vipande vipande: mpaka Novemba 2023, kisha Januari 2024, kisha Machi, kisha Desemba, kisha Machi 2025, kisha Septemba, kisha hiyo Januari 30, 2026 uliyoisikia kwenye kikao. Mkurugenzi wako wa fedha hakuwa anajificha nyuma ya maneno. Ndivyo alivyopewa.

Na rais peke yake ana mkono wake hapa, ingawa si mrefu kama watu wanavyodhani. Ruzuku hatupewi kwa mkupuo. Tunachota kidogo kidogo kupitia mtandao wa malipo wa serikali, mara nyingi siku chache kabla ya mishahara. Januari 27, 2025, wiki moja tu baada ya Trump kuapishwa, ofisi ya bajeti ya ikulu ilitoa waraka wa kusimamisha ruzuku. Kesho yake kliniki nyingi zilifungua mtandao zikakuta hazichoti kitu. Waraka uliondolewa siku iliyofuata baada ya mahakama na wabunge kuingilia, lakini huko Virginia baadhi ya kliniki ziliendelea kukosa fedha hata baada ya hapo, zikafunga milango ya baadhi ya vituo vyao. Kliniki yenye akiba ya wiki mbili haina nafasi ya kungoja mahakama.

Sasa mlango wa pili, na ndio ninaotaka uutazame kwa macho yote: Medicaid, bima ya afya ya serikali kwa wenye kipato kidogo. Karibu nusu ya wagonjwa wa kliniki hizi nchini wana kadi ya Medicaid, na ndiyo inayotuletea mapato makubwa kuliko ruzuku.

Chukua watu wawili waliokuja asubuhi moja kupima sukari. Muuguzi yuleyule, kipimo kilekile, dakika zilezile. Wa kwanza ana kadi: natuma dai, na Medicaid inatulipa kiwango maalumu kwa kila ziara, kiwango ambacho sheria ya 2000 ilikiweka kikaribiane na gharama halisi ya kumhudumia. Wa pili hana kadi: anaonyesha karatasi zake za mshahara, namwekea punguzo la kipato, anatoa dola chache dirishani, na kinachobaki kinafidiwa na ruzuku. Wote wametibiwa, maana sheria inatukataza kumrudisha mtu kwa kukosa fedha. Lakini badilisha wagonjwa mia tano kutoka safu ya kwanza kwenda safu ya pili, ruzuku ikabaki ileile, na utajua mwenyewe kinachofuata. Hakuna aliyegusa bajeti ya kliniki hata kwa senti moja, na kliniki imepoteza daktari.

Ndiyo maana nawaambia wenzangu ofisini: ahadi za mgombea kuhusu kliniki za jamii ni nzuri karibu kwa wote. Muulize atafanya nini na kadi za Medicaid.

Umeuliza uchaguzi upi. Kentucky inakujibu vizuri kuliko jimbo lolote ninalolijua. Uchaguzi wa 2008 ulileta Obama na Bunge lake, wakapitisha sheria ya kuwapa kadi watu wazima wenye kipato kidogo, ndio huo unaoitwa upanuzi wa Medicaid. Mahakama ya Juu mwaka 2012 ikasema kila jimbo lijiamulie. Gavana Steve Beshear akasaini kwa agizo lake 2013, na Januari 2014 watu wakaanza kuja na kadi. Novemba 2015 akachaguliwa Matt Bevin, aliyeupinga mpango huo. Peke yake asingeweza kuweka sharti la kufanya kazi ili kupata Medicaid, alihitaji ruhusa ya Washington, na Obama asingempa. Uchaguzi wa 2016 ukaleta serikali iliyokuwa tayari, ruhusa ikatoka Januari 2018. Jaji wa Washington akalizuia Juni mwaka huo, siku mbili kabla lianze. Bevin akajibu kwa kuwaondolea huduma za meno na macho watu karibu 460,000. Nilikuwa mapokezi. Watu walifika na miadi yao waliyoipata miezi mitatu nyuma, kompyuta inasema hawana tena huduma ya meno, na mimi ndiye wa kuwaambia. Baada ya wiki chache huduma zikarudishwa. Novemba 2019 Andy Beshear akamshinda Bevin kwa kura elfu tano na ushei katika jimbo lote, na Desemba sharti likafutwa.

Kwa hiyo ni gavana na rais kwa pamoja. Na wakati mwingine ni wapiga kura wa jimbo usilowahi kulikanyaga: Januari 5, 2021 Georgia ilirudia uchaguzi wa viti viwili vya Seneti, Wademokrat wakavichukua vyote, Seneti ikawa hamsini kwa hamsini na kura ya makamu wa rais ikawa yao. Miezi miwili baadaye ikapita sheria ya kujikwamua na korona bila kura hata moja ya Republican, ndani yake dola bilioni 7.6 za vituo vya afya. Friji zetu za chanjo na gari la kupimia watu zilinunuliwa kwa fedha hizo. Kura chache Georgia zingeangukia upande mwingine, hilo gari lisingekuwepo.

Yaliyotokea baada ya uchaguzi wa 2024 nitaandika nikirudi kazini, zamu inaanza.

MuuguziHouston

Asante sana Mtu wa Bili, ila kumbuka unaongea ukiwa jimbo lililokubali kupanua Medicaid. Sisi Texas ni kati ya majimbo 10 yaliyokataa. Mtu mzima asiye na mtoto hapa anaweza kuwa hana hata dola mfukoni na bado asistahili Medicaid. Kwa hiyo rais akibadilika, kadi ambazo hatukupewa hazina mtu wa kuzichukua.

Nafanya kazi hospitali ya umma. Kinachotushika sisi ni kodi ya majengo ya kaunti, na wanaoipanga kila mwaka ni makamishna wanaochaguliwa hapahapa. Novemba 2023 wapiga kura wa Kaunti ya Harris waliidhinisha mkopo wa dola bilioni 2.5 kujenga na kukarabati hospitali za umma. Uchaguzi ule ulikuwa mdogo, watu hawaujali, wenzangu wengi kazini hawakujua hata kuwa upo. Nao ndio utakaojenga wodi.

Lakini nakubaliana nawe kwamba Washington inafika hata huku. Texas inapata fedha za Medicaid za kufidia hospitali zinazotibu wasio na bima, kwa kibali maalumu. Serikali ya kwanza ya Trump iliongeza kibali hicho hadi 2030, ikasaini Januari 15, 2021, siku tano kabla ya Biden kuapishwa. Aprili serikali ya Biden ikakifuta. Wengi waliona ni njia ya kuisukuma Texas ikubali kupanua Medicaid. Jimbo likaenda mahakamani, jaji akakirudisha Agosti, na mwaka uliofuata Washington ikaacha. Mimi niliunga mkono Medicaid ipanuliwe na bado naunga mkono. Lakini katika miezi ile wakubwa wetu walikuwa wanajadili kusitisha ajira, na watu waliokuwa kwenye machela za korido hawakuwa na habari kwamba wamewekwa katikati ya ugomvi wa vyama viwili. Vyama vyote viwili vinaweza kumuumiza mgonjwa asiye na bima, kimoja kwa kumnyima na kingine kwa kumtumia.

Mama Wawili, kubali kiti. Wajumbe wengine wa bodi mara nyingi ni watu wa benki na mawakili, na hao hawajawahi kungoja saa nne na mtoto mwenye homa.

DerevaWaLori

Nimeelimika, nasema kweli. Lakini swali: hiyo sheria kubwa ya mwaka huu, si waliweka dola bilioni 50 za afya vijijini? Kentucky ina vijiji vingi. Hazitoshi kufidia?

MtuWaBili

Nimerudi. Muuguzi, jambo la kaunti umelieleza vizuri kuliko ningeweza mimi. Dada, Lexington nako uliza halmashauri inachangia nini.

Sasa baada ya 2024. Warepublikan walipata ikulu, Seneti na Baraza la Wawakilishi. Julai 1, 2025 Seneti iliipigia kura hiyo sheria kubwa ya kodi na matumizi, hamsini kwa hamsini, na Makamu wa Rais Vance akaamua. Julai 3 Wawakilishi wakapitisha kwa 218 dhidi ya 214. Trump akasaini Julai 4. Kati ya Warepublikan wachache waliokataa wawili wanatoka Kentucky, Rand Paul na Thomas Massie, ila hoja yao ilikuwa deni la taifa. Ofisi ya Bajeti ya Bunge inakadiria Medicaid itapungukiwa na zaidi ya dola bilioni 900 katika miaka kumi, na watu milioni 10 zaidi watakuwa hawana bima ifikapo 2034. Ndugu Dereva, hizo bilioni 50 za vijijini zipo kweli, ni za miaka mitano, zinapitia kwa serikali za majimbo kwa maombi. Weka tarakimu hizo mbili pamoja. Na lengo lake ni vijiji, si kliniki ya mjini kama yetu.

Katika sheria nzima hakuna kifungu kinachosema "kata ruzuku ya kliniki za jamii." Wanaoitetea wanaweza kusema hawakutugusa, na kwa maandishi ni sawa. Waliowagusa ni wenye kadi.

Tazama tarehe. Uchaguzi wa katikati ya muhula ni Novemba 3, 2026. Sharti la kazi la saa 80 kwa mwezi kwa watu wazima waliopata kadi kwa upanuzi linatakiwa lianze ifikapo Januari 1, 2027. Watu haohao kuhakikiwa upya kila miezi sita badala ya mwaka, vilevile mwisho wa 2026. Kupunguza kodi ambayo majimbo yaliyopanua Medicaid huwatoza watoa huduma ili kuchangia Medicaid, kutoka asilimia 6 hadi 3.5, kunaanza mwaka wa fedha 2028 na kunakwenda taratibu hadi 2032. Mpiga kura wa Novemba ataingia chumbani akiwa bado na kadi yake. Hilo linanikera kuliko sheria yenyewe, kwa sababu mtu ana haki ya kuona kilichofanywa kwa jina lake kabla hajapiga kura tena.

Saa 80 wengi wa wagonjwa wetu wanazifikisha na kuzipita. Shida ni kuthibitisha. Nina mgonjwa anayefanya kazi ghalani kupitia wakala. Wiki hii yuko ghala la uwanja wa ndege, wiki ijayo wakala mwingine anampeleka kufungasha nyama. Karatasi zake za mshahara zina majina matatu ya waajiri, moja halina saa, lina jumla ya fedha tu. Barua ya jimbo inakuja kwa Kiingereza kwenye anwani aliyohama. Arkansas ilijaribu sharti hili 2018, na katika miezi michache watu zaidi ya 18,000 walipoteza bima kabla mahakama haijasimamisha Machi 2019. Mwanzoni taarifa ilitakiwa itolewe kwenye intaneti tu, katika jimbo ambalo watu wengi hawana intaneti nyumbani. Wengi wa waliotolewa walikuwa wanafanya kazi au walistahili msamaha.

Dada, kama wanao bado hawajapita miaka 13, mzazi ana msamaha kwenye sharti hilo. Lakini msamaha nao unaombwa kwa karatasi.

MamaWawili

Kaka, nimesoma mara mbili, na mume wangu nimemsomea. Mungu awabariki wote. Wanangu ni wa 9 na 12.

Sasa kuna neno limetushtua kanisani. Wanasema wakimbizi watatolewa Medicaid. Mimi nina grini kadi, kibali cha ukaazi wa kudumu, mdogo wangu aliyekuja baadaye hana bado. Ni kweli? Na kama ni kweli, kliniki itamkataa? Halafu niambieni, mtu mmoja kwenye bodi anafanya nini mbele ya mambo makubwa hivi?

MtuWaBili

Ni kweli, na inaanza Oktoba 1, 2026. Sheria ya Julai imepunguza orodha ya wasio raia wanaoweza kupata Medicaid ya kawaida. Wenye grini kadi wamebaki, pamoja na makundi machache kama Wacuba na Wahaiti wenye hadhi maalumu na watu wa visiwa fulani vya Pasifiki. Mkimbizi na aliyepewa hifadhi, ambao walikuwa wanaingia moja kwa moja tangu siku za mwanzo, wameondolewa mpaka wapate grini kadi. Mdogo wako akishatimiza mwaka mmoja nchini anaruhusiwa kuomba, kwa hiyo asikae. Aende kwa shirika lililowapokea au kwa mwanasheria wa uhamiaji mwenye leseni, asiende kwa mtu wa kujaza fomu dukani.

Kliniki haitamkataa. Atahamia safu ya pili niliyoieleza, atalipa kwa kadiri ya kipato. Na kliniki kama yenu, yenye Wakongo wengi, itaona pengo hilo miezi mitatu kabla ya kliniki za wenyeji kuona la saa 80. Ndiyo maana wanakuhitaji wewe mezani, wakuulize mambo ambayo kompyuta yangu haiyajui: nani amehama, nani anaogopa kufungua barua, nani ameacha kuja kwa sababu amesikia akitibiwa atanyimwa grini kadi.

Kwenye kikao kijacho uliza maswali manne, na usikubali kujibiwa kwa maneno ya jumla. Fedha zilizopo benki zinatosha siku ngapi za mishahara kama mtandao wa malipo ukigoma tena? Kati ya wagonjwa wa Medicaid, wangapi kadi zao zinatokana na upanuzi, na wangapi ni wakimbizi wasio na grini kadi? Nani ameajiriwa kukaa na watu kujaza fomu, na anazungumza Kiswahili au anategemea mkalimani wa simu? Na la nne, kama mapato yakishuka, huduma ipi itaondoka kwanza? Wakisema meno, uliza kwa nini meno. Bodi ndiyo inayopitisha bajeti na ndiyo inayomwajiri mkurugenzi, hilo limo kwenye sheria, hivyo swali lako lazima lijibiwe.

Kuhusu siasa, kliniki hairuhusiwi kumpigia debe mgombea, na fedha za ruzuku hazitumiki kushawishi Bunge. Lakini wewe kama mtu unaweza kumwandikia mbunge wako ukamweleza yanayowapata, kura au hakuna kura. Ofisi zao zinahesabu barua kutoka jimboni.

MuuguziHouston

Nyongeza ndogo kwa mdogo wako: aweke nakala za karatasi za mshahara kuanzia sasa, hata zile zenye dosari, zote kwenye bahasha moja. Na akihama, abadilishe anwani kwa ofisi ya jimbo wiki hiyohiyo. Wengi ninaowaona wamepoteza kadi, barua ilikwenda nyumba ya zamani.

MamaWawili

Nimempigia mkurugenzi leo mchana nikamwambia nimekubali. Kikao ni Jumanne ya pili ya Desemba. Maswali manne nimeyaandika kwa Kiswahili na Kiingereza, na nimeomba taarifa ya fedha nitumiwe kabla, nisiisikie mezani. Nitaleta majibu hapa.